Je, nyangumi huonekana kutoka nchi kavu?

SWALI: Ndugu Mhariri, tungependa kuwaona nyangumi wanaopita pwani ya Kilifi, lakini bahari humlevya mama yangu, kwa hiyo hatuwezi kupanda mashua. Je, tukikaa juu ya majabali ya Vuma tutawaona, na wakati ufaao ni upi?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Ndugu msomaji, mnaweza kuwaona, mradi mfike katika msimu wao na msiwe na haraka. Nyangumi wenye nundu hujilisha katika maji baridi karibu na Antaktika, kisha husafiri hadi maji yetu yenye joto ili kupandana na kuzaa, na katika pwani ya Kenya huonekana zaidi kati ya Julai na Septemba.

Faida yenu itakuwa ule mwinuko. Mtu aliyesimama ufukweni upeo wake haufiki kilomita 5, ilhali aliye juu ya jabali, macho yake yakiwa mita 15 juu ya maji, huona hadi karibu kilomita 14.

Tabu ni kwamba msimu huo ni wa kusi, bahari inapochafuka na mgeni kudhani kila povu ni nyangumi. Povu la wimbi hubingirika na kupotea, lakini pumzi ya nyangumi huruka juu kama moshi, ikasimama kidogo kabla ya upepo kuipeperusha. Baada ya kupumua mara kadhaa huinua mkia na kuzama, na huenda akakaa chini dakika 10 au zaidi, kwa hiyo msikunje mkeka mkidhani amekwenda zake.

Kuhusu saa, pwani yetu inaelekea mashariki, na asubuhi maji humeremeta kama bati jipya hadi macho yakauma. Ingawa kwa kawaida upepo huwa mtulivu zaidi asubuhi, mimi huchagua alasiri, kuanzia saa tisa, jua likiwa mgongoni. Tafuteni kwanza kwa macho matupu, kwani anayeanza na darubini huona kipembe kimoja tu cha bahari, na nyangumi akapita kando. Wakati wa kusubiri, angalieni pia karibu na miamba, ambako pengine kasa ataibuka kuvuta pumzi.

Mama mtandikieni penye kivuli, mbali na ukingo, kwa sababu mawimbi hulila jabali la matumbawe kwa chini, na sehemu ya juu ikabaki imening'inia.