Simba na Singh, je, ni ndugu?

Swali: Majirani zetu Masingasinga huitwa Singh, na nasikia maana yake ni simba. Je, neno letu simba lilitoka India? (Msomaji, Ngara)

Jibu: Singh ni simba kweli. Asili yake ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India, simha, na neno hilohilo limo ndani ya Singapore, yaani mji wa simba. Ila simba wetu hakuja na jahazi. Ni neno la Kibantu lililoenea hadi kusini mwa Afrika, na kwa Wazulu insimba ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa. Neno lililoletwa na wafanyabiashara wa pwani lisingefika huko kote, tena likamhamia mnyama mwingine. Lugha ziko maelfu na sauti ni chache, kwa hiyo maneno hayakosi kugongana. Kwa Kiajemi, bad maana yake ni -baya, kama Kiingereza, wala hayahusiani. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, nacho kilimwita mbwa dog. Neno hilo lilikatika kutoka umbo la kale, gudaga.

Swali: Gari si ndilo car la Waingereza? Na meza ya chakula, imetokana na kumeza? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Yote mawili hapana. Waingereza hawaitamki r isiyofuatwa na irabu, ndiyo maana bar ikawa baa na card ikawa kadi. Car ingetupa kaa, na makaa tunayo tayari! Tena k yao haigeuki g kwetu: tazama koti na keki. Gari ni la Kihindi, huko likiwa la kukokotwa na ng'ombe kabla ya injini. Meza ni mesa ya Kireno. Kumeza ni Kibantu.

Swali: Nitajuaje mwenyewe kama neno la Kikuyu na la Kiswahili ni la asili moja? (Msomaji, Kasarani)

Jibu: Ondoa viambishi, ubaki na shina. Chagua maneno ya mwili, shamba na maisha ya kila siku. Ya dini, shule na biashara huazimwa mno. Kisha tafuta sauti zinazolingana kila mara, hata kama hazifanani: kula na kũrĩa, kulima na kũrĩma, kulala na kũrara, kilima na kĩrĩma. Penye l yetu, wao wana r. Kulia ni kũrĩra, maana Kiswahili kimeidondosha l ya pili. Jozi kama hizi tano zina uzito kuliko jozi moja inayofanana herufi kwa herufi, ambayo mimi huishuku kwanza kuwa mkopo.

Maneno ya watoto, kama mama na baba, yaache kabisa, maana hufanana hata pasipo undugu. Kwa Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, neno mama maana yake ni baba, na mama mzazi huitwa deda.

Kuondoa kiambishi nako kuna mtego. Kitabu ni kitab ya Kiarabu, yenye mzizi k-t-b. Waswahili waliisikia ki- kama ya kiti, wakaunda vitabu. Ukiikata hiyo ki- unabaki na -tabu, shina ambalo halijawahi kuwepo.