Umefuta PSH1 na hamira bado inakua? Jaribu galaktosi

Ndugu, unasema umefuta jeni ya PSH1 na makoloni yameota vizuri, sasa unahofia umekosea. Huenda hujakosea. Psh1, kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo, hubandika yubikwitini (protini ndogo inayotia alama ya kuvunjwa) kwenye Cse4, protini ya sentromia (sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapogawanyika), ili iliyozidi ivunjwe. Cse4 ikiwa ya kiwango cha kawaida, hamira huvumilia. Endesha jeni ya Cse4 kwa promota ya GAL1 (swichi ya jeni inayowashwa na sukari ya galaktosi na kuzimwa na glukosi), kisha panda seli kwenye galaktosi, na nyingine kwenye glukosi za kulinganishia. Hapo tofauti utaiona, seli za galaktosi zitaota kwa shida, maana Cse4 iliyozidi hutapakaa hadi kwenye mikono ya kromosomu. Tafadhali sana, panda pia hamira ambayo PSH1 haijafutwa! Ukipima kwa saikloheksimidi, dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya, Cse4 bado itapungua hata bila Psh1, ila polepole: vimeng'enya vingine, Ubr1 na Slx5, navyo husaidia kuiondoa.