Kivumbasi nakijua tangu utoto, ila mtoto mwenye homa mpeleke akapimwe

Mkuu, umeuliza kama kivumbasi kinatibu malaria, maana jirani amekushauri umkamulie mwanao wa miaka miwili maji ya majani yake anywe. Kama mtoto ana homa muda huu, acha kusoma, mpeleke zahanati kwanza. Haya mengine utayakuta hapa hapa.

Nimezaliwa Igombe, Mwanza, nikalelewa na bibi aliyekuwa na kivumbasi kila kona ya nyumba. Ninachokisema ni kile kichaka jamaa ya mrehani, kinafika kifuani, shina ukilipapasa lina pembe nne, majani yana vimeno pembeni. Fikicha jani moja halafu unuse: karafuu tupu. Na kweli, mafuta ya majani yake yana eujenoli, ile ile inayoipa karafuu ukali wake. Hiyo ndiyo inayomkera mbu. Mmea ukisimama tu dirishani haufanyi mengi, mafuta yake mengi yamejifungia kwenye majani mpaka uyaponde au uyachome.

Jua likianza kuzama, bibi alitoa makaa matatu manne jikoni, akayaweka kwenye kigae cha chungu, akayafunika kwa matawi mabichi. Alikataa makavu, maana hayo yanawaka na kuisha mara moja, mabichi yanafuka polepole. Kigae kilipitishwa uvunguni, nyuma ya mlango, chini ya nguo zilizotundikwa, kule kote mbu wanakoshinda mchana. Sisi tulikaa nje mpaka moshi upungue. Tukiingia kulala, mlio wa mbu hausikiki.

Shida ni kwamba ule moshi unadumu saa mbili, tatu hivi. Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, anauma zaidi kuanzia usiku wa manane kuelekea alfajiri, na saa hizo kigae kimeshapoa zamani. Kwa hiyo kivumbasi hakiwezi kuchukua nafasi ya neti. Inaniuma sana nikipita mwaloni, pale ziwani wanaposhusha samaki, nakuta neti imetandazwa kuanikia dagaa, na watoto wa nyumba hiyo hiyo wanalala bila kitu. Na chumba chenye kichanga usikifukize kabisa, kifua chake hakihimili moshi.

Sasa kuhusu kunywa. Mwanangu wa kwanza alipata homa akiwa na miaka mitatu. Tulimfukiza, tukamkamulia majani, jasho likamtoka, joto likashuka, tukashukuru. Jioni joto likarudi. Siku ya tatu nilimwinua akawa mlegevu, kichwa kinadondokea begani kwangu, viganja vyeupe. Tulipanda pikipiki usiku. Walimtoboa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, akachomwa sindano za malaria na kuongezewa damu. Alipona. Mimi ndiye niliyemchelewesha, kwa sababu kushuka kwa joto nilikuona ni kupona. Homa ya malaria inapanda na kushuka yenyewe, hata usipompa mtoto kitu, na wadudu wanaendelea kula damu yake. Angepimwa siku ya kwanza, pengine vidonge vya mseto vingetosha.

Kwa mafua, hapo nakitetea. Konzi mbili za majani, mchaichai kidogo, chemsha, epua, weka sufuria chini mahali pasipotikisika, jifunike shuka, vuta pumzi dakika tano au kumi. Pua inafunguka. Watu wazima tu. Wakati wa korona mwaka 2020 watu wengi walirudi kwenye nyungu, na ni rahisi sana sufuria ya maji ya moto kumwagikia mtoto aliyefunikwa shuka moja na mzazi. Mjamzito pia asiwe anakunywa kivumbasi kama chai ya kila siku.

Matumizi ninayoyapenda kuliko yote hayahusu ugonjwa. Ni akiba ya chakula. Majani yaanike kivulini, juani harufu inapotea. Yakikauka yatwange yawe kama majani ya chai, kisha changanya na choroko au maharage yaliyokauka vizuri, tabaka kwa tabaka, ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana. Mimi kwa ndoo ya lita 20 natia konzi nne, na baada ya miezi miwili narudia kwa sababu harufu inakuwa imefifia. Fukusi wanapungua sana. Kwenye mahindi nilijaribu gunia zima, dumuzi wakalitoboa kana kwamba sijaweka kitu, kwa hiyo mahindi tafuta mifuko isiyopitisha hewa. Choroko ukitaka kupika, pepeta, osha maji mawili, ile harufu inaondoka yote.