Elimu ni ya Mungu, jasho ni la mtu

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia. Kaswida aliyoitunga kaikuta kwenye simu za vijana wa bodaboda, jina lake limeondolewa. Anauliza: akidai haki yake, atakuwa anauza dini?

Dada yangu, hilo limenipata.

Nilichapisha kijitabu cha mirathi, nakala 300, kwa pesa ya korosho za shamba alilotuachia baba. Ukurasa wa 14 wachapaji wakakosea: fungu la mke wa marehemu mwenye watoto likatoka "robo" badala ya "thumni", yaani moja ya nane. Nikakesha siku tatu nakata kwa kalamu, naandika juu yake, kimoja kimoja.

Haikupita miezi miwili, karibu na stendi ya Mtwara, nakiona mezani kwenye duka la steshenari, nusu bei. Nikafungua ukurasa wa 14. Mwandiko wangu ule ule, umetoka na fotokopi, hadi mkia wa herufi uliotetemeka usingizi uliponizidi. Kijana akaniambia, "Ustadhi, elimu ni ya Mwenyezi Mungu, kwani umeiumba wewe?" Nikaondoka bila neno. Mpaka leo linanichoma.

Shehe wangu wa Mikindani ndiye aliyenifungua macho. Wanavyuoni walikhitilafiana, wengine wakiona kuzuia kunakili ni kuficha elimu. Lakini Baraza la Fiqhi la Kimataifa, chini ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Kuwait Desemba 1988 na kupitisha azimio namba 43: haki ya utunzi, ya uvumbuzi na ya jina la biashara ni za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Thumni imo katika Suratun-Nisaa, hiyo haina mwenyewe. Mifano niliyoipanga na zile siku tatu za kalamu zina mwenyewe.

Basi andika sharti lako la kutonakili bila idhini, ukurasa wa kwanza, maana Waislamu hufungwa na masharti yao. Sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uwe na ushahidi; sheria ya nchi ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Andika sharti, nasema tena!

Nanyi mnaonakili: mtu hazuiliwi kufundisha alichokisoma. Kinachokatazwa ni kula jasho la mwenzio, kisha ukasimama safu ya kwanza Ijumaa. Muogopeni Mungu.

Dada, kaswida yako irekodi upya, na beti ya mwisho utie jina lako na mji wako, kama watunzi wetu wa tenzi walivyozoea. Atakayelikata jina, atalazimika kuikata na kaditama, yaani beti ya kufungia.