Diski moja kubwa au mbili za wastani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina studio ndogo ya picha na video hapa Tanga, kazi zangu nyingi ni harusi. Kompyuta ina karibu GB 800 za kazi za wateja, na nakala naziweka kwenye diski ya nje ya TB 1 ambayo huwa imechomekwa muda wote. Sasa inakaribia kujaa. Nilitaka kununua moja ya TB 4, lakini fundi ananishauri mbili za TB 2. Wengine wanasema nipandishe kila kitu mtandaoni. Nifanye lipi kwa gharama ndogo?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Msikilize fundi wako, nunua mbili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya ukubwa ni hilo la kuiacha diski imechomekwa muda wote. Umeme ukirudi kwa kishindo, unaweza kuunguza kompyuta pamoja na diski. Mwizi akiingia atabeba vyote. Vipo pia virusi vinavyofunga faili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017: vikiingia, hufunga kila diski ambayo kompyuta inaiona. Iliyoko kabatini haviifikii.

Kwa hiyo zibandike karatasi, moja A, nyingine B. Wiki hii A ikae studio: jioni ichomeke, nakili, itoe, ifungie kabatini. Jumamosi nenda nayo nyumbani, Jumatatu rudi na B. Jumapili zote mbili zitakuwa nyumbani, ila kazi zenyewe zipo studio, kwa hiyo hakuna siku ambayo kila kitu kiko chini ya paa moja. Faida nyingine ni kwamba diski ya nyumbani iko nyuma kwa siku kadhaa. Ukigundua Alhamisi kwamba faili iliharibika Jumanne na nakala yake ya studio ikaharibika vilevile, ile ya nyumbani bado ina faili nzima.

Kunakili kwa mkono kunachosha, na mtu aliyechoka huruka folda. Windows ina robocopy ndani yake, programu ya kunakili faili, huilipii chochote. Fungua Notepad, andika mstari huu mmoja:

robocopy D:\Kazi "%~dp0Kazi" /E /R:1 /W:1

Badala ya D:\Kazi weka mahali kazi zako zilipo. Hifadhi faili hiyo kwenye diski ya nje yenyewe, A na B kila moja na yake, si ndani ya folda yoyote, kwa jina nakili.bat, kisha uibofye mara mbili kila jioni. Alama za %~dp0 zina maana "hapa nilipo", hivyo hata Windows ikiipa diski herufi nyingine, nakala zitakwenda panapotakiwa. Zile R na W usiziache: bila hizo, robocopy ikikwama kwenye faili moja hurudia mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Mtu akikushauri uongeze /MIR, kataa, maana ulichokifuta kwa bahati mbaya kwenye kompyuta kitafutwa na kwenye nakala.

Mara ya kwanza, kwa USB 3.0, GB 800 zitachukua saa mbili hadi tatu. Baada ya hapo zinaenda faili mpya na zilizobadilika tu. Kabla ya kuchomoa, iambie Windows iiachie diski kwanza (Eject), na usiisogeze ikiwa inazunguka.

Dukani chagua zile ndogo za inchi 2.5 zinazotumia umeme wa USB. Za inchi 3.5 zinahitaji adapta yake, na adapta hupotea. Hakikisha imepangwa kwa NTFS, yaani mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, kwa sababu mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili inayofika GB 4, na video ya harusi nzima huvuka hapo.

Mtandaoni weka mikataba na albamu zilizokamilika. GB 800 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu siku 15 bila kupumzika, na bando lake ni ghali kuliko diski.

Kadi ya kamera usiifute mpaka harusi iwe kwenye A na B zote. Na kila mwezi chomeka diski moja kwenye kompyuta nyingine, fungua harusi yoyote, cheza video mpaka katikati. Faili iliyoharibika huonyesha jina na ukubwa kama kawaida, ubovu wake utauona ukiicheza.