Siri ya mtungi muulize kata

Hadithi yangu ya kwanza ya taharuki kwa vijana ilikuwa na kila kitu: chumba kisichofunguliwa, paka mweusi, umeme unaokatika kila mtu akishika kitasa. Nikampa mpwa wangu, wakati huo yuko kidato cha pili. Siku ya tatu akanirudishia daftari. "Mjomba, kwani huyu bibi hasemi kwa nini?" Nikababaika. Bibi alinyamaza kwa sababu akifungua mdomo tu, hadithi yangu imekwisha.

Siri ya familia ina mlinzi, na mlinzi ana cha kupoteza. Siku hizi, kabla ya sura ya kwanza, naandika ukurasa mmoja wa kujisomea mwenyewe: kilitokea nini, nani aliona, nani alidanganywa, na ikivuja nani ataumia. Katika rasimu ya pili nikatupa chumba na paka (paka nilimwonea huruma). Nikaanza na binti anayejaza fomu ya shule. Katoa cheti cha kuzaliwa sandukuni, na penye jina la mama pana jina la dada yake mkubwa.

Anamuuliza mama mdogo, aliyeketi na ungo wa mchele mapajani. Mama mdogo hafoki. Vidole vinatulia kidogo, kisha vinaendelea kuchambua, ila sasa anatupa punje na mawe anayaacha. Ukishapata kitu kama hicho, usije ukaongeza kwamba alishtuka sana. Msomaji wa miaka 15 ameishi na watu wazima muda wa kutosha, anajua wanavyobadilisha mazungumzo.

Halafu tafuta kata. Nyumba yoyote yenye siri ina mtu asiyehesabiwa anayeijua: dada wa kazi wa zamani, fundi cherehani, jirani mliyepakana ukuta. Mpe nusu sentensi, kisha aitwe jikoni.

Mizimu na majini siyakatazi. Mohamed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), aliweka maiti mahali pa mzimu, halafu akamleta mpelelezi wake, Bwana Msa, anayewahoji walio hai. Hofu ya mzimu inakuwa pazia tu. Mambo yako nyuma yake, kwa watu.

Simu waandishi wengi wanaiogopa, wanaizimisha chaji kila penye hatari. Mimi naiacha iwake. Saa sita usiku, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, babu ambaye haandikagi kitu ametuma ujumbe mrefu, na kabla binti hajausoma umefutwa.

Rasimu hiyo mpwa wangu aliimaliza kwa usiku mmoja. Kesho yake dada yangu akanipigia, sauti ya chini, kama kajifungia chooni: mtoto ameamka anadai aonyeshwe cheti chake cha kuzaliwa, nimemwambia nini?