Mnaoanza kazi ya CAR-T (tiba ya kansa kwa seli za kinga), seli kwanza disaini baadaye

Wengi wakiingia huku wanakimbilia kuchora kipokezi (kile kinachoifanya seli itambue kansa), wiki ya kwanza mtu ana disaini tatu kichwani afu hajawahi hata kuhesabu seli hai. Tulieni kwanza. Hii dawa ni seli T, yaani seli za kinga, za mgonjwa mwenyewe, unazitoa, unaziamsha, unaziingizia jini ya kipokezi kwa virusi visivyoweza kuzaliana, unazikuza zinakuwa nyingi, anarudishiwa. Sasa huyo mgonjwa keshapigwa kemo mizunguko kibao, seli zake zimechoka, kipokezi kiwe kikali vipi utapata dawa iliyochoka tu. Kwa hiyo jifunze kuziangalia. Siku mbili tatu baada ya kuziamsha zinajikusanya vishada vishada chini ya hadubini, baadaye maji ya kuzilishia yanatoka wekundu yanaanza kuwa njano, usipoona hivyo usilaumu virusi kwanza.

Kuua kansa kwenye sahani sio ishu, karibu kila kipokezi kinaua. Swali ni alama unayoilenga iko wapi kwingine mwilini. Kwa alama ya CD19 tulibahatika, iko kwenye seli B (zinazotengeneza kingamwili), na mtu anaweza kuishi bila seli B akawa anaongezewa kingamwili. Alama nyingine, HER2, ndo ikawa balaa, mwaka 2010 iliripotiwa Marekani mgonjwa aliyepewa seli nyingi sana, dakika 15 tu akaanza kushindwa kupumua na baada ya siku 5 akafariki, watafiti wakahisi seli zilikuta HER2 kidogo iliyoko kwenye mapafu. Mi ripoti hiyo ningeifanya lazima kwa kila mgeni.

Afu dawa ikifanya kazi vizuri nayo ni hatari, mtoto Emily Whitehead, aliyekuwa na leukemia (kansa ya damu), 2012 nusura afe kwa homa ya seli zilezile zilizokuwa zinamponya, ikaonekana IL-6 (protini inayochochea kinga) imepanda, akapewa tosilizumabu ambayo ni dawa ya baridi yabisi, akaamka. Kwa hiyo hata kama we ni wa maabara tu, fahamu wodini kunatokea nini.

Na usafi wa sampuli jamani! Kuna kisa kilitoka 2018, seli B MOJA ya leukemia ilibaki kwenye mchanganyiko ikaingiziwa kipokezi nayo, kipokezi kikaifunika CD19 yake mwenyewe, zile seli T zikawa haziioni kabisa, ikazaliana na ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo ukiambiwa rudia kupima kama kuna seli B zimebaki, rudia, usinune.